Mwongozo kamili: watoto wa kulungu mtaani kwako springi hii, uwaangalieje bila kuwaharibia

Kila ikifika mwisho wa mwezi wa tano, magrupu ya WhatsApp ya waswahili wa huku Ohio yanaanza kujaa picha ileile. Kinyama cha kahawia chenye madoa meupe kimejikunja chini ya dirisha la mtu, na chini ya picha maneno ya huruma: jamani katupwa na mama yake, nimpe maziwa gani? Jibu fupi ni usimpe kitu, hajatupwa, rudi ndani. Jibu refu ndo hili hapa, manake wengi wetu tumehamia mitaa ya pembeni ya mji yenye miti na vijito nyuma ya nyumba, na kulungu nao wameipenda mitaa hiyohiyo. Hakuna mwindaji anayefyatua risasi kati ya nyumba za watu, wanyama wa kuwala ni wachache, halafu maua tunayopanda kwao ni pilau.

Ninaowazungumzia ni kulungu wa mkia mweupe, ndo waliojaa upande wa mashariki na katikati ya Marekani. Walio magharibi, Colorado au Oregon, wana jamaa zake wengine lakini tabia ya kulea haipishani sana.

Kwanza elewa mama anafanya nini

Mtoto akizaliwa ana kilo 3 hivi, miguu inatetemeka, hawezi kumkimbia mbwa wala koyote, yule mnyama wa huku anayefanana na mbweha. Kwa hiyo mama anamlamba mpaka harufu inapungua sana, anakula kondo la nyuma, halafu anamlaza mahali na kuondoka. Anaondoka kwa makusudi, sababu yeye mama ananuka na anaonekana, akikaa hapo ndo atamleta adui. Ni kama mama anayemlaza mtoto kivulini pembeni ya shamba akaenda kulima, mkono uko kwenye jembe lakini sikio liko kwa mtoto. Anarudi mara chache tu kwa siku kunyonyesha, mara nyingi alfajiri na magharibi, kisha anapotea tena. Akiwa na mapacha, na kulungu jike aliyekomaa mara nyingi anazaa mapacha, anawalaza sehemu mbalimbali ili akipatikana mmoja mwingine apone.

Waliokulia karibu na mbuga wanaijua hii. Swala tomi wa Serengeti naye anamficha mwanawe kwenye nyasi hivyohivyo, tofauti na nyumbu ambaye mtoto wake anasimama ndani ya dakika chache na kuanza kukimbia na kundi. Kulungu wa huku yuko upande wa swala tomi.

Sasa ukishaelewa hilo, kila kitu kinachofuata kina maana moja: kazi yako mtaani ni kuziba hatari zinazotoka kwetu sisi, yaani mbwa, mashine ya kukatia majani, gari, fensi na huruma isiyo na mpango. Kumlea kuna mwenyewe.

Hatua ya 1: jua tarehe zako

Kulungu wa majimbo ya kaskazini wanapandana zaidi katikati ya mwezi wa kumi na moja, mimba inachukua siku 200 hivi. Piga hesabu mwenyewe, ukianzia tarehe 15 Novemba unaangukia tarehe 3 Juni. Kwa hiyo Ohio, Pennsylvania, Minnesota, Michigan na majirani zao weka akilini kuanzia wiki ya tatu ya Mei hadi mwisho wa Juni. Texas sehemu nyingi wanachelewa zaidi, na Florida ratiba imevurugika kabisa, inategemea uko kona gani ya jimbo, uliza wenyeji.

Kuna dalili moja naipenda kwa sababu watu wengi hawaijui. Mwezi wa tano utaanza kuona kulungu wadogo wa mwaka jana wanazurura peke yao, wamechanganyikiwa, wanakatiza barabara mchana kweupe. Hao wamefukuzwa na mama zao, manake mama anataka nafasi ya kuzaa. Ukiwaona hao basi uzazi umekaribia, anza hatua ya pili.

Hatua ya 2: kagua uwanja kabla hajazaliwa mtu

Zunguka nyumba nzima, nusu saa inatosha. Angalia fensi ya vyuma, zile nondo za kusimama, mtoto wa kulungu anapitisha kichwa na kifua halafu kiuno kinakwama. Kama una nafasi kubwa kati ya nondo, funga wavu mgumu sehemu ya chini. Angalia mashimo ya madirisha ya besimenti, yaani vyumba vya chini ya ardhi, weka kifuniko. Toa neti ya mpira wa watoto, neti ya kufunikia mboga iliyolegea, na zile kamba za kubembea, kulungu wananasa humo wakubwa kwa wadogo. Kama una bwawa la kuogelea weka kitu cha kukanyagia ili atakayetumbukia aweze kutoka.

Geti la nyuma kama una tabia ya kuliacha wazi mchana na kulifunga usiku, fikiria tena. Anaingia mama na mtoto mchana, usiku unafunga, mama anaruka fensi kirahisi kabisa na mtoto anabaki ndani analia. Ukikuta hali hiyo fungua geti, ingiza mbwa na watoto ndani, na wewe ingia. Hamna cha zaidi.

Hatua ya 3: jifunze kuona

Watu wanadhani atakuwa porini kwenye majani marefu. Wapi! Analazwa kwenye kitanda cha maua kando ya ukuta, kati ya mtambo wa AC na kichaka, chini ya ngazi za baraza la mbao, pembeni ya gereji, wakati mwingine katikati ya nyasi fupi kabisa ambapo unajiuliza huyu mama alifikiria nini. Yale madoa ni karibu 300, na ukiwa umesimama mita tano tu, jua likipenya kwenye majani, yanafanana na vimwanga vya jua chini, jicho linapita bila kumuona.

Anakaa namna gani? Ama amejikunja pua imegusa mguu wa nyuma, ama amelala bapa shingo imenyooshwa chini, masikio yamelazwa nyuma, macho wazi kabisa anakuangalia na hapepesi. Hiyo ya pili inawatisha watu, wanadhani anakata roho. La hasha, amekuona wewe ndo maana ameganda, hata mapigo ya moyo yanapungua. Wiki mbili za mwanzo hakimbii hata ukimkaribia, na hapo ndipo watu wanaposema "kananipenda, hakaogopi". Kanaogopa sana.

Ukimuona, simama hapohapo, tazama kwa sekunde chache, rudi ulikotoka. Usimzunguke kutafuta engo nzuri ya picha. Usimpigie simu shemeji aje na watoto wanne. Kila nyayo mnazoweka hapo zinaacha harufu, na koyote anaweza kuzifuata.

Hatua ya 4: mtazame kutoka ndani

Raha yote iko dirishani. Zima taa ya chumba, kaa nyuma ya pazia, kama una darubini ndo vizuri zaidi, na kamera ya mlangoni au ya nyuma ya nyumba itakufanyia kazi usiku kucha, ila iwe ile iliyokuwepo tayari, usiende kumsimika mtoto wa watu kamera mbele ya uso.

Mama akija anakuja kwa mzunguko, hatembei moja kwa moja. Anakula majani hapa, anainua kichwa, anasogea kule, anajifanya hana habari. Halafu anasimama na kutoa sauti ndogo ya chini na mtoto anachomoka pale alipokuwa, sehemu ambayo umeikodolea macho nusu saa bila kuona kitu. Anapiga chuchu kwa pua, mkia mweupe unapepea huku na huku bila kutulia, na wakati ananyonya mama anamlamba makalio ili akojoe na kunya, na vyote anavimeza palepale pasibaki harufu. Dakika chache tu wamemaliza. Mtoto anatembea mwenyewe kutafuta pa kulala, yeye ndo anachagua, kwa hiyo usishangae asubuhi ukamkuta sehemu nyingine.

Ukiona mama anapiga mguu chini na kukoroma kwa pua huku anatazama upande wako, hapo umesogea mno.

Mbwa, na hapa tuelewane

Kulungu jike mwenye mtoto mchanga habishani na mbwa. Anakuja mwenyewe, hata kama mbwa wako yuko kwenye kamba, hata kama ni kile kimbwa cha mapambo, anampiga kwa kwato za mbele mpaka anamvunja mbavu, na kila mwaka kuna mbwa wanakufa hivyo kwenye mitaa ya watu. Wengi wetu hatukukulia na mbwa wa kulala kitandani lakini watoto wetu wa huku wanao, kwa hiyo sikilizeni.

Mwezi wa tano na wa sita usifungue tu mlango wa nyuma ukamuachia mbwa. Toka wewe kwanza, angalia kando za ukuta na chini ya vichaka, ndo umtoe akiwa na kamba fupi. Ukimuona kulungu amesimama barabarani anakutazama bila kukimbia, masikio mbele, badilisha njia palepale, hata kama unachelewa kazini. Akianza kuja, usimkimbilie wala usimrushie mawe, rudi nyuma taratibu na weka gari au mti mkubwa katikati yenu. Hali hii inapoa baada ya wiki chache watoto wakishapata miguu.

Paka wa nyumbani hana shida sana, ila mama akimkuta karibu na mtoto atamfukuza vilevile.

Mashine ya majani

Hii ndo inayoniuma kuliko zote kwa sababu inaepukika kabisa, na ndugu zetu wengi wamefungua biashara za kukata majani. Mtoto wa wiki ya kwanza akisikia mashine hakimbii. Anajibana chini zaidi. Mashine inakuja yeye kalala.

Kabla ya kuwasha, tembea uwanja wote kwa mistari, mguu kwa mguu, na utembee siku ileile, dakika chache kabla, sio jana yake, manake usiku amehama. Sehemu za majani marefu na kando za fensi pitia mara mbili kabla ya kuingiza ile mashine ya uzi. Ukimkuta, acha kipande hicho bila kukata, kata kwingine, rudi kesho kutwa. Mteja akilalamika muoneshe picha, sijaona Mmarekani anayekasirika akioneshwa picha hiyo.

Wenzetu wa Ujerumani wamefika mbali kwenye hili, kwao wakulima wanakata majani ya mifugo mwezi wa tano na wa sita wakati huohuo ile aina ndogo ya kulungu wa Ulaya inazaa, kwa hiyo watu wa kujitolea wanarusha droni zenye kamera ya joto alfajiri kabla jua halijapasha ardhi moto, wakimuona mtoto wanambeba kwa mashada ya nyasi mkononi ili wasimuachie harufu, wanamweka pembeni mpaka trekta imalize. Kama uko Ujerumani na unaishi kijijini, vikundi vya kujitolea vipo sehemu nyingi na wanahitaji watu wa kuamka saa kumi usiku.

Je, ana shida kweli?

Hapa usikimbilie hisia, angalia vitu unavyoweza kuviona kwa mbali.

Ametulia, kajikunja, macho safi, masikio yamenyooka mpaka ncha, hata kama kayalaza nyuma? Mzima. Hata kama hujamuona mama siku nzima, mzima. Mama anakuona wewe na ndo maana haji, unavyozidi kuchungulia ndo unavyozidi kumchelewesha mtoto kunyonya.

Masikio ndo yanayosema ukweli. Ncha za masikio zikijikunja kurudi nyuma, huyo amekaukiwa maji, hajanyonya muda. Dalili nyingine ni inzi wengi wamemganda au mayai meupe ya inzi kwenye manyoya, makalio yamechafuka kwa kuhara, jeraha, damu, mguu uliovunjika, au analia mfululizo na anatembea ovyo akimfuata kila mtu na kila kitu. Kulia mara moja moja si tatizo, kulia saa nyingi bila kukoma ni tatizo. Na kama kuna kulungu jike amegongwa na gari karibu na hapo, usiamue haraka kwamba ndo mama yake, tazama kama masikio ya mtoto yanaanza kujikunja kesho yake, mpe saa 24, isipokuwa ana jeraha, hapo piga simu mara moja.

Kwamba ukimgusa mama atamkataa, hiyo ni hadithi. Mama hamuachi mtoto kwa harufu ya mkono wako. Lakini isiwe ruhusa ya kumshika.

Na maziwa ya ng'ombe hapana, yanamharisha, na kuhara kwa kiumbe cha kilo 3 kunamuua haraka kuliko njaa. Kumnywesha maji kwa chupa pia hapana, yanaweza kuingia kwenye mapafu. Tunda, mahindi, mkate, hapana.

Nani wa kumpigia

Kuna watu wenye leseni ya kutunza wanyamapori wagonjwa na mayatima, hao ndo wa kwanza. Tovuti ya Animal Help Now inakuonesha walio karibu na wewe. Ohio unaweza kupiga 1-800-WILDLIFE, namba ya idara ya wanyamapori ya jimbo, majimbo mengine tafuta idara yenu. Polisi wa mtaa piga kama mnyama mkubwa yuko barabarani amejeruhiwa, usimsogelee mwenyewe.

Kumweka ndani ni kosa la kisheria karibu kila jimbo, na sio sheria ya kuonea watu. Kuna ugonjwa wa ubongo wa kulungu unaokondesha na kuua, uligunduliwa Colorado mwaka 1967 na sasa uko majimbo mengi, hauna dawa, kwa hiyo serikali haitaki kulungu wahamishwe ovyo kutoka kaunti hadi kaunti. Kuna majimbo au kaunti hata hao wenye leseni hawaruhusiwi kupokea kulungu, na mtoto aliyebebwa kwenye gari la mtu mwenye huruma anaishia kuchomwa sindano ya kifo. Halafu dume aliyelelewa na binadamu akifika umri wa pembe haogopi watu, msimu wa kupandana anakushambulia wewe uliyemnyonyesha.

Kama mtu tayari kamchukua, tuseme mtoto wako karudi naye mikononi anatabasamu, usigombe, mrudisheni palepale alipokuwa, leo hiihii, hata kama siku imepita moja. Mlaze kivulini, geuka, ondoka haraka bila kugeuka nyuma. Akijaribu kukufuata mguse mabegani kwa upole umlaze tena. Mama anamtafuta.

Aliyekwama kwenye nondo za fensi mpigie mtaalamu kwanza. Wakati unasubiri mfunike macho kwa taulo, anatulia. Usivute miguu, inavunjika kirahisi.

Barabarani, hasa wa shifti ya usiku

Nyie mnaotoka nursing home za kutunza wazee saa kumi na mbili asubuhi na mnaoingia kwenye maghala jioni, mnaendesha saa zilezile ambazo kulungu wanatembea. Kanuni ni moja: akivuka mmoja, wa pili yuko njiani, na mwezi wa sita wa pili ni mdogo na hajui gari ni nini. Akifika katikati na taa zikimmulika anaganda au analala palepale kwenye lami. Punguza mwendo, funga breki ukiwa umenyooka, usikwepe ghafla ukaingia upande wa pili au kwenye mti, watu wanakufa kwa kumkwepa kulungu.

Akilala barabarani na ni salama kusimama, washa taa za hazadi, toka, mbebe mpaka kwenye majani upande aliokuwa anaelekea, hatua chache tu, rudi kwenye gari.

Kupe

Kwa kifupi lakini msipuuze. Kupe wadogo wanaoambukiza ugonjwa wa Lyme, uliopewa jina la mji wa Lyme ulioko jimbo la Connecticut, wanakuwa wengi mwezi wa tano hadi wa saba, hawafiki hata milimita mbili, na majani wanayolala kulungu ndo makazi yao. Suruali ndani ya soksi, dawa ya kufukuza wadudu yenye DEET, na ukirudi jikague kwapani, nyuma ya goti, kwenye nywele, na watoto wakague wewe mwenyewe. Ukimkuta mng'oe kwa kibano karibu kabisa na ngozi. Upele unaotanuka ndani ya siku 3 hadi 30, au homa, nenda hospitali na useme uliumwa na kupe, manake usiposema wanaweza kukutibu mafua.

Baada ya hapo

Wakifikisha wiki tatu nne wanaanza kumfuata mama, mapacha wanakutanishwa, na jioni utawaona wanakimbizana kwenye uwanja wako na wa jirani bila sababu yoyote. Hapo mbwa bado kwenye kamba lakini mashine ya majani unaweza kuwasha kwa amani zaidi, sasa wanakimbia. Usianze kuwawekea mahindi na chumvi, miji mingi inapiga faini, na mnawakusanya sehemu moja waambukizane. Madoa yanapotea miezi mitatu minne hivi, koti la baridi likiingia.

Kulungu jike ana kawaida ya kurudi eneo lilelile kuzaa, kwa hiyo aliyezalia kwako mwaka huu ana nafasi kubwa ya kurudi mwakani. Weka alamu kwenye simu, tarehe 10 Mei, andika: fensi, neti, besimenti, na umwambie yule jirani anayekata majani Jumamosi asubuhi.